Maji Kwanza: Kuchagua Mashine ya Kuoshea Vyombo katika Mwambao wa Kilwa na Lindi

Mashine ya kuoshea vyombo hufanya kazi kwa maji ya moto, sabuni kali na mikono inayozunguka ikirusha maji kwa nguvu kutoka chini na kutoka juu. Ndani yake mna kipasha maji, pampu ya kuzungusha maji na nyingine ya kuyatoa, koki ya umeme inayoyaruhusu kuingia, chujio la makombo na, katika mashine zilizo bora, chombo cha kulainishia maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichotegemea hali ya maji. Ndiyo maana katika mwambao wa Kilwa na Lindi uchaguzi wa mashine huanzia kisimani au bombani, na duka hufuata baadaye. Wengi hutanguliza rangi, ukubwa na jina la kampuni, kisha mashine nzuri huharibiwa na maji ambayo hakuna aliyeyauliza.

Sehemu kubwa ya mwambao huu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na miamba ya chokaa. Hata bara kidogo, katika vilima vya Matumbi, chokaa ipo kwa wingi, na ndiyo iliyotobolewa na maji kwa karne nyingi hadi yakapatikana mapango kama ya Nang'oma. Maji yanayopenya katika miamba hiyo huyeyusha madini ya kalisi na magnesi na kuyabeba. Hayo ndiyo maji magumu. Yakipashwa moto, kalisi hujitenga na kuganda kama ukoko mweupe. Chokaa iliyoshikanisha mawe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na ukoko unaoonekana leo ndani ya birika la umeme Kilwa Masoko au Kivinje ni madini ya asili hiyo hiyo. Ndani ya mashine ya vyombo ukoko huo huvaa kipasha maji hadi kikaungua, huziba matundu madogo ya mikono inayorusha maji, na huacha utando kwenye glasi.

Ugumu wa maji hupimika nyumbani kwa namna isiyo na gharama. Kipande kidogo cha sabuni ya mche hutiwa katika chupa ya maji, chupa ikatikiswa. Maji laini hutoa povu jingi linalodumu, na maji chini yake hubaki karibu maangavu. Maji magumu hutoa povu hafifu linalokufa upesi, na juu yake huelea utando unaofanana na maziwa yaliyokatika. Sabuni ya unga na sabuni ya maji hazifai kwa jaribio hili, kwa sababu zimetengenezwa zitoe povu hata katika maji magumu. Anayetaka tarakimu kamili anaweza kupeleka sampuli katika maabara ya ubora wa maji iliyo chini ya Wizara ya Maji, au kuiuliza mamlaka inayomletea maji. Jibu huja kwa miligramu za kalisi kaboneti katika lita moja. Vitabu vya mashine nyingi, hata hivyo, hutumia digrii za Kijerumani, na digrii moja ni sawa na miligramu 17.8. Kwa hiyo maji yenye miligramu 360 yana digrii 20 hivi, na hayo tayari ni magumu sana.

Tarakimu hiyo ndiyo inayoamua aina ya mashine. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina kilainisha maji ndani yake, na nyingi kati ya hizo humudu hadi digrii 50. Mashine ndogo za kuweka juu ya meza, na nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, hazina kabisa. Vidonge vya sabuni vinavyosifiwa kuwa na kila kitu ndani yake kwa kawaida hutosha hadi digrii 21 tu. Nyumba inayotumia maji ya kisima cha mwambao, basi, isinunue mashine isiyo na kilainisha, hata ikipunguzwa bei kiasi gani. Kukijua dukani ni rahisi. Mlango ukifunguliwa na kapu la chini likatolewa, sakafuni mwa mashine huonekana kifuniko kipana cha kuzungusha, penye mahali pa kumimina chumvi. Kisipoonekana, muuzaji aulizwe. Jibu lake likiwa la kubabaika, ni vyema kuhamia mashine nyingine.

Chumvi hiyo inahitaji maelezo, maana hapa ndipo watu wa Lindi wanapoweza kukosea kwa nia njema kabisa. Kilainisha kina vipunje vya resini vinavyonasa kalisi na magnesi na kuachia sodiamu mahali pake. Vipunje vikishiba, mashine huvisuuza kwa maji ya chumvi ili vianze upya. Mwambao wa Lindi na Kilwa una mashamba ya chumvi, na chumvi yake ya mawe ni ya bei nafuu, hivyo wazo la kuitumia huja lenyewe. Haifai. Chumvi iliyoanikwa juani kutokana na maji ya bahari hubaki na magnesi na kalisi, yaani yale yale yanayokimbiwa, tena huja na mchanga na udongo. Chumvi ya mezani nayo ni laini mno, hugandamana, na mara nyingi imechanganywa na viungo vya kuizuia isishikane. Inayotakiwa ni chumvi safi ya chenga kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi. Kwa kawaida hutoka Dar es Salaam, na mwenye mashine ajiwekee akiba ya miezi kadhaa.

Maji magumu si sawa na maji ya chumvi, na tofauti hiyo ina uzito. Kilainisha huondoa ugumu, lakini chumvi yenyewe hakiigusi. Visima vilivyo karibu na ufuko, hasa vinavyovutwa kwa pampu, huanza kuingiwa na maji ya bahari mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa bado. Kloridi iliyomo hula hata chuma kisichoshika kutu. Kwanza huonekana madoa ya kahawia kwenye visu na kwenye kingo za mlango, baadaye matundu madogo kama ya sindano. Ulimi wa binadamu huanza kuitambua chumvi pale kloridi inapofikia miligramu 200 hadi 300 kwa lita, kwa hiyo kuonja ni kipimo kinachoaminika kiasi cha kutosha. Maji ambayo ladha yake ya chumvi inasikika yasiingizwe katika mashine. Nyumba isiyo na maji mengine, mashine ya vyombo haiifai, na fedha hizo zingefanya kazi bora zaidi katika tangi la kuvunia maji ya mvua.

Maji ya mvua ni mali kwa mashine hizi. Yakitoka juu ya bati safi, baada ya manyunyu ya kwanza kuachwa yapite na vumbi, huwa laini kabisa na hayahitaji chumvi. Mashine ya kawaida hutumia lita 9 hadi 12 kwa mzunguko mmoja wa programu ya kubana matumizi. Tangi la lita 5,000, likitengwa kwa kazi hiyo peke yake, lingetosha mizunguko zaidi ya 400. Mvua za kusini huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma kati ya Aprili na Mei, kisha kiangazi hushika hadi Oktoba, hivyo tangi linalojaa Aprili linaweza kuihudumia mashine mwaka mzima. Jambo la kukumbuka ni kurekebisha kipimo cha ugumu katika mashine kila chanzo cha maji kinapobadilishwa. Maji laini yakilainishwa tena hula glasi.

Baada ya ubora huja msukumo. Mashine nyingi huhitaji msukumo usiopungua bar 0.3 au 0.5, kadiri kitabu chake kinavyosema. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa takriban bar 0.1. Tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita tatu hutoa bar 0.3, na hapo mashine nyingi husita, hungoja maji bila kujaa, kisha husimama zikionyesha alama ya hitilafu ambayo fundi asiye makini ataidhania ubovu. Njia ni mbili: kuinua tangi hadi mita tano au zaidi juu ya koki, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Ununuzi wa mashine usitangulie kipimo hiki. Koki yenyewe iwe ya robo tatu inchi, yenye nyuzi za kufungia mpira wa mashine, na kabla yake pafungwe chujio la mchanga linalofunguka na kuoshwa. Mpira wa kutolea maji machafu nao upandishwe juu kwanza, katika kimo ambacho kitabu kimeagiza, ndipo ushuke kuelekea chemba. Ukilazwa chini moja kwa moja, maji machafu hurudi ndani au maji safi hutoka yenyewe kabla ya kuosha.

Kuhusu umeme, wauzaji hupenda kusema kwamba mashine huokoa maji na nishati ikilinganishwa na mikono. Hesabu hiyo ilifanywa katika majiko ambamo vyombo huoshwa chini ya bomba la maji ya moto linaloachwa wazi. Pwani vyombo huoshwa kwa mabeseni mawili au matatu na dodoki, kwa maji yasiyopashwa moto. Umeme unaotumika hapo ni sifuri, na maji yake mara nyingi ni kidogo. Mwenye kununua mashine Lindi basi asiinunue kwa kutarajia kuokoa shilingi. Anachonunua ni muda, mapumziko ya migongo, na usafi wa maji ya nyuzi joto 50 hadi 70 ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Hizo ni sababu za kutosha, na hazihitaji kupambwa.

Gharama yenyewe hukadirika. Mzunguko mmoja wa kubana matumizi hula takriban uniti 0.8 hadi 1 ya umeme wa LUKU, na programu ya joto kali inaweza kufika uniti 1.5. Kwa bei zilizopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, alilipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo zilifika karibu shilingi 356. Kuosha mara moja kila siku kwa uniti 0.9 ni uniti 27 kwa mwezi, yaani shilingi 9,600 hivi. Jambo zito zaidi linamhusu mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo, ambaye kwa bei hizo hizo alilipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za mwanzo, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 itafika 87 baada ya mashine kuingia. Hapo uniti za ziada hulipiwa kwa bei ya juu, na matumizi yakiendelea hivyo nyumba hujiweka katika hatari ya kuondolewa kwenye kundi hilo. Hesabu ya mashine lazima iingize hilo.

Karibu umeme wote huo huishia katika kupasha maji. Mashine kadhaa huruhusu kuunganishwa na maji ya moto, aghalabu yasiyozidi nyuzi joto 60, na jua la Lindi halina bei. Nyumba yenye kipasha maji cha jua juu ya paa inaweza kupunguza matumizi kwa kiasi kikubwa, mradi kitabu cha mashine kiwe kimeruhusu jambo hilo kwa maandishi.

Umeme wa kusini hukatika na kurudi kwa kishindo. Mashine nyingi huendelea pale zilipoishia, lakini kadi ya umeme inayoziongoza ndiyo hufa kwanza, na bei ya kadi mpya inaweza kukaribia nusu ya mashine. Kifaa cha kuilinda ni cha lazima. Vile vinavyouzwa kwa ajili ya friji mara nyingi ni vya ampea 5, ilhali mashine ya vyombo huvuta ampea 9 au 10 wakati wa kupasha maji, hivyo kinachotakiwa ni cha ampea 13 au zaidi. Soketi iwe ya ukutani, yenye waya wa ethi uliopimwa na fundi. Chuma, maji na umeme vikikutana chini ya paa moja, ethi haina mbadala.

Ukubwa wa mashine hutajwa kwa idadi ya watu: 6 kwa za mezani, 9 au 10 kwa nyembamba za sentimita 45, na 12 hadi 15 kwa pana za sentimita 60. Mtu mmoja katika hesabu hiyo ni Mzungu mwenye sahani tatu, kikombe na kisahani chake, glasi, kisu, uma na vijiko. Familia ya Kilwa inayokula wali kwa sinia moja ina vijiko vichache na sufuria nyingi. Idadi iliyoandikwa kwenye boksi haiwaambii kitu. Cha kufanya ni kupima kwa futi kamba sinia kubwa ya nyumbani na sufuria ya wali, kisha kwenda na vipimo hivyo dukani na kuvilinganisha na nafasi kati ya kapu la chini na la juu. Mashine ambayo kapu lake la juu hupandishwa na kushushwa, na ambayo miiba ya kapu la chini hulazwa, ina thamani kubwa zaidi kwa nyumba ya aina hii kuliko yenye programu kumi na tano. Sinia za shughuli, zile za harusi na maulidi, haziingii katika mashine yoyote ya nyumbani, na hakuna sababu ya kununua kubwa kwa ajili yake.

Vyombo vingi vya pwani havifai kabisa kuingizwa, na orodha hiyo iandaliwe kabla ya kununua, maana huenda kinachobaki kikawa kidogo. Sufuria za alumini huwa nyeusi kwa sabuni ya mashine. Sufuria zilizopikiwa kuni au mkaa zina masizi ambayo mashine haiyatoi, badala yake huyasambaza juu ya sahani. Mbuzi ya kukunia nazi, mwiko, upawa, kinu na kila cha mti hupasuka kwa joto. Kifumbu na kawa huoza. Vyungu hunywa sabuni. Sahani za kauri zenye ukingo wa dhahabu au maua yaliyochorwa juu ya glezi hufifia baada ya mizunguko michache, na katika mwambao ambao umethamini kauri za Uchina tangu enzi za masultani wa Kilwa, urithi kama huo unastahili mkono wa mtu. Zinazofaa ni sahani za kawaida, bakuli, glasi, vikombe, vijiko na sufuria za chuma kisichoshika kutu.

Joto la pwani huleta jambo jingine. Vyombo vyenye mabaki ya samaki na tui vikikaa siku mbili ndani ya mashine vikingoja ijae, jiko zima hunuka na mende hukaribishwa. Mashine ndogo inayojaa kila usiku ni bora kuliko kubwa inayojaa kila baada ya siku tatu. Kwa watu wanne au watano, ile ya sentimita 45 aghalabu ndiyo saizi yake.

Uamuzi huu hufanywa na mwenye fedha, ilhali mikono inayoosha vyombo ni ya mama, ya binti au ya dada wa kazi. Hao waulizwe kwanza, na waulizwe kwa dhati. Wao ndio wajuao sufuria ipi hushika ukoko, maji hukatika saa ngapi, na kama kazi inayowachosha zaidi ni kuosha au ni kuchota. Nyumba ambamo maji bado yanabebwa kwa ndoo kichwani haijafika wakati wa kununua mashine ya vyombo. Bomba litangulie.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Tumbo la ndani liwe lote la chuma kisichoshika kutu au lenye sakafu ya plastiki ngumu. Kwa nje, bati lililopakwa rangi hushika kutu kuanzia kwenye mkwaruzo wa kwanza. Mashine isikae chini ya dirisha linaloelekea baharini. Chini yake pawe pamefunikwa, kwa kuwa panya hutafuna mipira na nyaya, na sisimizi hupenda joto la kadi ya umeme.

Kwa mitumba, kibao kilicho pembeni mwa mlango kisomwe kabla ya jambo lolote. Kinachotakiwa ni volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine kutoka Japani huwa ya volti 100, ya Marekani volti 120 na hezi 60, na ya Saudi Arabia hezi 60 pia. Kutoka Uingereza au Dubai, umeme hulingana na wa Tanzania. Lebo ya nishati ya Ulaya ilibadilishwa tarehe 1 Machi 2021, ikawa A hadi G, hivyo mashine ya zamani yenye A++ si lazima iwe bora kuliko mpya yenye D.

Vipuri ni suala la barabara. Kariakoo, Dar es Salaam, iko karibu kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko na 450 kutoka Lindi mjini. Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa nchi kavu kwa siku kadhaa. Mashine yenye vipuri vinavyofanana na vya kampuni nyingi, hasa pampu ya kutolea maji na koki ya umeme, hutengenezeka na fundi wa mashine za kufulia aliye karibu. Pampu na koki ya akiba vinunuliwe siku ile ile ya kununua mashine, na sabuni vivyo hivyo. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isitiwe ndani hata tone, kwani povu lake husimamisha pampu na kumwagika sakafuni.

Mashine ikishafungwa, kipimo cha ugumu hupangwa kulingana na jaribio la maji, chumvi hujazwa, na mzunguko wa kwanza huendeshwa bila vyombo. Programu ya kubana matumizi huchukua zaidi ya saa tatu, hivyo ianze wakati ambao umeme huwa umetulia. Baada ya kuosha, mlango uachwe wazi kidogo au vyombo vihamishiwe kwenye kichanja, kwa kuwa katika unyevu wa pwani vyombo havikauki haraka ndani ya chumba kilichofungwa. Chujio huoshwa kila siku mbili tatu. Glasi zikianza kuwa na ukungu katika wiki za mwanzo, moja isuguliwe kwa ndimu. Ukungu ukitoka, ulikuwa ni chokaa, na kipimo cha ugumu kipandishwe ngazi moja. Usipotoka, glasi imeliwa na maji laini mno au sabuni nyingi mno, na kipimo kishushwe na sabuni ipunguzwe.